Nyumba ya Pili Haianzi

Jumatatu, Februari 9

Ngege wamechelewa kufika tena. Nimewapara magamba huku nikisema un-. Lock, unlock. Tie, untie. Cover, uncover. Kila samaki na neno lake. Kufikia adhuhuri mdomo ulikuwa umechoka kuliko mikono. Wateja wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, walidhani ninaomba dua.

Nimegundua kitu. Kiswahili hufungulia nyuma: funga, fungua, ziba, zibua. Kiingereza hufungulia mbele. Ukisikia un- unajua kabisa kuna kitu kinakwenda kufumuliwa, hata kabla neno lenyewe halijafika. Nitamwambia Mwalimu Pamela kesho.

Jumanne, Februari 10

Gumbaru leo, darasa letu la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu Pamela alifurahia habari ya kufungua mbele na nyuma. Mimi nilifurahi zaidi yake ila sikuonyesha.

Somo la leo: re-, kurudia. Rewash, rebuild, refill. Nikauliza kuhusu repeat. Ukiondoa re- inabaki peat. Sasa hiyo peat ndiyo nini? Mwalimu akacheka. Akasema si kila neno linakubali kupasuliwa, mengine lazima uyameze mazima. Sikuridhika. Nimeweka alama ya kuuliza.

Halafu habari yenyewe. Mtihani wake wa Kiingereza ni Jumamosi tarehe 28. Asiyepita, Mwalimu hatamsajili kwa mtihani wa kidato cha nne mwaka huu. Na mtihani huo unakaribia kuzikwa, mtaala mpya umeshaingia. Darasa la binti yangu Atieno ndilo la mwisho. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba yake yeye, na sasa yuko cha tatu, amenipita. Nataka kufundisha watoto wa nasari. Bila cheti hakuna chuo kitakachonipokea. Haya mambo ya mwakani Mungu akipenda mimi sina.

Alhamisi, Februari 12

Min Ochieng amejua.

Yeye ndiye mke wa kwanza, mikayi. Mimi ni nyachira, wa pili. Boma moja, nyumba mbili, ua mfupi wa miti ya ojuok katikati. Alinisikia nikikariri nyuma ya jiko langu akaja kusimama uani na mikono kiunoni.

Hapa kwetu mbegu zina foleni. Mvua ikikaribia mume hurudi, hulala nyumbani kwa mikayi, na alfajiri mikayi hushuka shambani kuweka mbegu ya kwanza. Ndipo mimi nifuate. Nikimtangulia ni chira, laana ya kukondesha watoto hadi waishe. Hilo nimelifuata tangu niolewe. Sijawahi kunung'unika. Mahindi ni mahindi.

Sasa anasema masomo nayo ni mbegu. Yeye alitoka shuleni darasa la sita, kwa nini hasemi. Eti nyachira hawezi kuvuna cheti katika boma ambalo mikayi hajapanda hata herufi. Min Ochieng akikasirika huacha Dholuo na kuhamia Kiswahili cha Migori mjini alikozaliwa, utadhani karani wa korti.

"Nyumba ya pili haianzi, Nyar Mfangano. Hata hiyo kizungu yako iko na laini."

Nyar Mfangano, binti wa kisiwa cha Mfangano. Ni jina la heshima. Leo alilitema. Nimekasirika hadi nimeunguza karai zima la samaki.

Jumapili, Februari 15

Kanisani akina mama wamenitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu anayekaribia kufiwa. Kumbe habari imeshafika. Mmoja akanishika mkono na kuniuliza kama watoto wako salama. Nikamwambia wako salama na Kiingereza pia kiko salama.

Mume wetu alipiga simu kutoka Migori. Yeye ni fundi wa nyumba, kazi yake kubwa ni zile za semi-permanent. Amesema masomo ni mazuri. Kisha akasema Min Ochieng naye asemalo ni kweli. Kisha akasema tungoje arudi na mbegu. Semi- maana yake nusu. Naona amekuwa kama kazi yake: tofali chini, mabati juu.

Sitangoja.

Jumanne, Februari 17

Dis-. Disagree, dislike, dishonest, disobey.

Disobey ni neno zuri. Lina meno. Nimelisema njia nzima kutoka darasani hadi nyumbani. Nilipofika getini nikalisema kwa sauti, na Min Ochieng alikuwa pale pale akianua nguo. Hajui maana yake. Au anajua. Alikunja shuka polepole sana.

Ijumaa, Februari 20

Mwanangu Omondi ana homa. Kijana wa kukimbia siku nzima, leo amelala tangu asubuhi na macho hayafunguki vizuri. Nimemfunga mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, nikampeleka zahanati. Malaria. Wamempa dawa.

Min Ochieng alisimama mlangoni mwangu nilipokuwa nikimpangusa kwa maji. Hakuhitaji kutaja chira. Neno lilikuwa limejaa nyumba nzima.

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu sitalisema popote. Niliogopa hadi nikaapa moyoni kwamba nitaacha. Halafu nikajiuliza: majirani ambao wake zao hawajawahi kushika kitabu, mbona watoto wao nao wanaugua malaria? Mbu hana foleni.

Nimekibatilisha kiapo.

Jumapili, Februari 22

Omondi amekula. Amegombana na kuku. Amepona.

Mambo mawili ya kushangaza. La kwanza, asubuhi nimekuta sufuria ya uji wa wimbi mlangoni, imefunikwa kwa sahani yenye ua jekundu. Sahani hiyo ni ya Min Ochieng. Sikushukuru, na yeye hakungoja shukrani.

La pili. Jioni alikuwa akisugua sufuria upande wa pili wa ua. Anasugua, anasema kitu chini chini, anasugua, anasema tena. Nikatega sikio. Ilikuwa kama un-. Nilipochungulia akaanza wimbo wa kanisa kwa nguvu, tena katikati ya ubeti.

Alhamisi, Februari 26

Mume wetu amefika. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu juzi na kila boma linatafuta jembe lake.

Alituita sote wawili. Akatangaza: Jumamosi ni kupanda, na hakuna mguu utakaotoka bomani kabla mbegu za nyumba zote mbili hazijaingia ardhini. Jumamosi. Tarehe 28. Anaijua vizuri tarehe hiyo, nilimwambia mwenyewe kwa simu.

Nikamwambia shamba langu halitahama. Likipandwa Jumatatu, litaota. Mtihani ukipita Jumamosi haurudi. Akamtazama Min Ochieng. Min Ochieng alikuwa akichagua mbegu kwenye ungo, kichwa chini, hakumsaidia hata kwa kukohoa.

"Ukienda," akasema mume wetu, "ukirudi tutaongea."

"Tutaongea," nikasema.

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo walilolisikia.

Ijumaa, Februari 27

Nimepiga pasi blauzi nyeupe. Kalamu mbili, maana moja hufa siku unayoihitaji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kabla ya giza mume wetu ameingia nyumba ya mikayi, kama desturi inavyotaka. Mimi nimefunga mlango wangu. Lock.

Jumamosi, Februari 28

Nilitoka kukiwa na ukungu. Wao walikuwa tayari shambani. Nilipita njia ya kando ya shamba, sikujificha. Mume wetu aliinua kichwa. Sikupunguza mwendo. Nilisikia jembe likisimama nyuma yangu, kisha sikusikia tena kitu.

Ukumbini tulikuwa wachache. Mwalimu Pamela akagawa karatasi. Swali la kwanza lilikuwa jedwali la viambishi, yaani samaki wangu wote wa mwezi huu wamepangwa mstari. Mis-, over-, dis-, inter-, un-. Niliandika kama mtu anayedai haki yake. Nilimaliza ukurasa wa kwanza, nikageuza.

Mlango ukafunguliwa. Min Ochieng.

Alikuwa na leso ya shambani na udongo hadi magotini. Dereva wa boda aliyemleta alikuwa bado anangoja nje, injini inanguruma. Nikafikiri amekuja kunitoa kwa nguvu. Nikashika meza kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeamua kwamba wataitoa meza na mimi nikiwa juu yake.

Alikuja hadi kwangu. Akageuza karatasi yangu, akautazama ukurasa wa kwanza, ulivyojaa. Aliutazama muda mrefu. Nyumba ya pili ilikuwa imeanza, tena kwa wino.

"Hiyo sijaona," akasema, akairudisha ilivyokuwa.

Kisha akaenda mbele na kumwomba Mwalimu chaki. Mwalimu Pamela ameolewa huku huku, hakuuliza swali. Alimpa. Min Ochieng akaandika ubaoni, herufi kubwa, zimeinama kidogo: REPEAT.

"Mwalimu wa darasa la sita aliambia baba yangu hii neno," akasema bila kugeuka. "Huyu msichana arepeat. Baba akasema msichana harepeat, anaolewa. Nikaolewa."

Akaweka chaki. Akapangusa mikono kwenye leso, chaki na udongo pamoja.

"Mikayi amepanda. Fuata."

Akatoka. Pikipiki ikaondoka. Mume wetu, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameachwa katikati ya shamba na debe la mbegu, anauliza miti.

Nilikasirika. Naandika ukweli. Nilikuwa nimevunja mlango peke yangu, halafu mtu anakuja kunifungulia. Sikumwomba ruhusa na singeiomba. Kisha nikalitazama lile neno ubaoni, lile lile ambalo Mwalimu alisema halipasuliwi, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Min Ochieng amelimeza zima tangu utotoni.

Nilijibu ukurasa wa pili kwa macho yenye ukungu. Nilimaliza.

Niliporudi, mimi na mume wetu hatukuongea. Nilipomtazama alikwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa.

Jumatatu, Machi 2

Nimepanda shamba langu. Mvua imenikuta mstari wa mwisho.

Jumatano, Machi 4

Nimepita. Mwalimu Pamela amenisajili leo mchana. Sikuruka wala kupiga vigelegele. Nilinunua ndizi nikala nikitembea.

Min Ochieng sikumwambia chochote. Jioni alikuja mwenyewe na kigoda chake na kisu chake, akaketi nyuma ya jiko langu upande wangu wa ua. Akavuta beseni la ngege katikati yetu. Kuhusu ukurasa ule wa kwanza hatujasema na sidhani tutasema.

Nilichukua samaki, nikafungua mdomo. Akaninyooshea kisu.

"Mikayi ndiye anaanza."

Nikanyamaza. Kwa hili moja, nikanyamaza.

"Lock," akasema, na magamba yakaruka. "Unlock."

Nikafuata.