Kwako Kyule, Fundi wa Mitaro ya Kyuso

Mwaka umezunguka tangu tukuzike, Kyule, na bado kila asubuhi ni kama unatoka. Waya umeuviringisha begani, gambuti zinaning'inia nyuma ya pikipiki, na mke wako Ndila anakuita unywe chai kwanza. "Nitakunywa nikirudi," unasema, na pikipiki tayari imefika langoni.

Tumechoka kukungoja urudi kunywa hiyo chai. Hatusemi kwa ubaya. Tumechoka tu.

Ulizibua masinki na vyoo vya Kyuso yote: nyumba za kupanga, hoteli, bucha, na pale msikitini wanapotawadhia. Hukuingiza waya kabla ya kuuliza jana kulipikwa nini. Ukiambiwa supu ya mbuzi, unaitisha maji ya moto. Ukikuta mchanga, unacheka. "Mwaitu, mama yangu, hapa si mtoni," ulikuwa ukiwaambia akina mama waliohamia nyumba zenye sinki na bado wanasugua sufuria kwa mchanga. Mchanga na mafuta vikikutana ndani ya bomba vinashikana kama simiti. Lakini hukumwaibisha mtu. Ulikuwa ukipita tena siku nyingine na kumwachia kitu cha kusugulia.

Ukirudi nyumbani ulioga kwa sabuni ya kipande, kisha ndimu. Na bado kanisani ulikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Ulisema ni kwa sababu ya upepo. Tulijua si upepo.

Siku tunayoikumbuka zaidi ni ile ya ntheo ya Kaveke, binti yako. Wageni walitoka Tawa na mbuzi wao, tuchinje, tule pamoja, Kaveke awe mke wa Musyimi mbele ya watu. Nyama isipoliwa, hakuna ndoa. Mjomba wa kijana, Mzee Mwangangi, aliuona waya wako umetundikwa ukutani, akauliza ni wa nini. Ukamwambia. Akaweka kikombe chini bila kuonja.

"Mimi nilikula njiani," alisema. Wazee aliokuja nao wakaweka vyao pia.

Ulimwambia Ndila umeitwa kwa Duale, eti mtaro wa hoteli yake umefurika, ukachukua waya ukaenda zako. Ndila aliamini. Kaveke hakuamini. Alisimama kando ya ile nyama kama askari.

"Haikatwi mpaka nau arudi," alisema, yaani wewe baba yake. "Na kama ni kuzeekea hapa, nitazeekea hapa."

Aliyetumwa kukuleta ni kaka yako Nyamai. Ilikuwa bahati kumkuta nyumbani, mtu ambaye maisha yake yote amefuata mbuzi na malori, leo Tseikuru, kesho hata yeye hajui. Alienda akinung'unika kwamba miguu yake imezoea kuondoka, haijui kazi ya kurudisha watu.

Alimkuta Duale mlangoni pa hoteli, mikono kiunoni.

"Mzee Nyamai, chukua ndugu yako," Duale alisema. "Mtaro yangu iko sawa. Maji inaenda vizuri. Nimemwambia, ananiambia wacha niangalie tu."

Ulikuwa umepiga magoti nyuma ya jikoni, mkono umezama mpaka kwapani, unasafisha mtaro msafi. Nyamai ametembea sana na ameona mengi, lakini hapo alitafuta mahali pa kuegemea.

"Wamekula?" uliuliza bila kugeuka.

"Hawajakula."

"Si nimeondoka?"

"Kaveke amekataa nyama ikatwe."

"Huyo msichana atakosa bwana kwa sababu yangu."

"Ana kichwa kigumu kama mama yake. Inuka, mimi nimechoka kusimama."

"Ninanuka, Nyamai."

"Hata yule mbuzi alikuwa ananuka, na wametoka naye Tawa."

Duale alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumiminia maji mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na kanzu yake ya Ijumaa. Ndivyo ulivyorudi kwenye ntheo ya binti yako: kanzu nyeupe ya Duale juu, gambuti chini.

Kaveke alikunawisha mikono mbele ya wote, polepole, akakupa kisu. Ulikata kipande cha kwanza. Musyimi hakungoja kiwekwe kwenye sahani. Alikipokea mkononi mwako, akakila. Mama yake, Kathini, akasema, "Na mimi je? Nimetoka mbali na njaa yangu!" Hapo watu wakasogea. Mzee Mwangangi alienda kukaa ndani ya gari lililowaleta, akapandisha kioo. Nyama ikaisha bila yeye.

Ndila aliifua ile kanzu na kuirudia tena kabla ya kuirudisha. Duale alisema angeivaa hata bila kufuliwa.

Halafu kifua kikaanza. Kilikuja kidogo kidogo, na wewe ukaendelea kutoka na waya wako, mpaka ukashindwa kuinuka. Hospitalini uliuliza kama sinki ya wodi inateremsha maji. Tukakuambia inateremsha. Ukalala.

Kaveke na Musyimi wako Tawa. Wana msichana, Kathini, jina la nyanya yake. Jina lako linangoja mvulana wa pili, kama desturi yetu ilivyo. Mzee Mwangangi hakuja mazishini. Duale alifunga hoteli siku hiyo. Sasa mtaro wake ukiziba anaita watu wa Mwingi wenye mashine. Ndila anauza ndengu sokoni, na kanisani amehamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Nyamai alisema atakaa nyumbani. Alikaa mpaka mvua, akaondoka, yuko Tseikuru. Waya uko ukutani, pale pale. Mgeni akiuliza ni wa nini, tunamwambia.

Unakumbukwa na mke wako Ndila, binti yako Kaveke, mkwe wako Musyimi, mjukuu wako Kathini mdogo, kaka yako Nyamai, na rafiki yako Duale na watu wa nyumba yake.

Hatutakusahau, Kyule, siku zote tulizobakiza.