Tochi Yangu Yamulika Mlima wa Bwera

Dada Rehema mpenzi,

Nakusalimu kutoka Bwera, huku mpakani mwa Kongo, ambako mvua hushuka mlimani bila hodi. Ile tochi uliyonicheka nikiinunua nimeijaribu. Jana giza lilipoingia nilisimama uani kwa Mama Masika, mwenyeji wangu, nikijigamba kwamba mwanga wake unafika Kongo. Nikaumulika mteremko wa ng'ambo ya kijito. Huko juu, macho mawili ya kijani yakanikodolea.

"Chui!" nilipiga kelele. Niliitupa tochi, nikakimbilia jikoni na kukomea mlango, Mama Masika nimemwacha nje!

Yeye aliiokota tochi akapanda peke yake. Alirudi akikokota mbuzi, na kitoto chake kinatetemeka ndani ya kitenge.

"Fungua, baba," aliniita. "Iko mbuzi yangu, ilipotea tangu juzi. Imezaa kule mu majani. Bila tochi yako, katoto kangekufa na baridi."

Alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilifungua nikiwa bado nimeshika mwiko.

Watoto waambie mjomba wao ameokoa mbuzi wawili. Habari ya mlango tuiache kati yetu. Mungu awalinde, nawapenda sana.

Kaka yako,
Juma