Doa la Kijani kwenye Jukwaa la Mashariki

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na tafadhali usiisome barua hii mbele ya wanafunzi wako kama ulivyoahidi. Isome kwanza peke yako, tena ukiwa umekaa. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia. Goti la mama linaendeleaje? Na shemeji, ameacha kugombana na redio mpira unapotangazwa?

Barua yako ilifika juzi. Unasema mtaa mzima unajua kwamba mimi ndiye niliyegundua vyuma vibovu uwanjani, kwamba mama anasimamisha wapita njia kuwaeleza, na kwamba darasa lako limeandaa wimbo wa kunipokea. Dada, ngoja nikueleze mambo yalivyokwenda, kisha utaamua mwenyewe kama wimbo huo unanifaa.

Kazi yangu na mwenzangu ilikuwa kupima vizuizi vya chuma ambavyo mashabiki huviegemea kwenye jukwaa la mashariki. Unafunga jeki, unasukuma kizuizi kwa nguvu ya watu kumi na wawili, unasubiri dakika tano. Kisipotikisika unakipaka doa la rangi ya kijani mguuni, basi, kimepita. Kikitikisika, mafundi wa zege wanaitwa wakichimbie upya.

Nyapara wetu tunamwita Upesi, maana neno hilo halimtoki mdomoni tangu asubuhi. Wakaguzi wa mashindano walikuwa wanakuja Alhamisi, na Upesi alikuwa mgongoni kwetu kutwa nzima. Tukaingia kwenye mtindo ambao kila fundi wa pale anaujua na hakuna anayekubali kwamba anaufanya: mmoja anatangulia na kopo la rangi, mwingine anafuata na jeki. Kizuizi kikifeli, unafuta rangi kwa kitambaa chenye petroli. Kwa kuwa mara nyingi havifeli, tulijiona wajanja kweli.

Jumanne ile mwenye kopo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kupaka mstari wote wakati jeki ya mwenzangu ilipoanza kuvuja mafuta, ikafa. Vizuizi ishirini na viwili vya chini, nyuma ya goli, vilikuwa na kijani lakini havijaguswa. Tukasema tutavirudia baada ya kula. Kumbe tukiwa tunakula, Upesi alipita, akaona kijani kila mahali, akatia sahihi na kupeleka karatasi ofisini. Tuliporudi akatushika mikono mbele ya watu wote, akasema kama kila fundi angefanya kazi kama sisi, yeye angenenepa. Nikacheka. Ndiyo, dada, nilicheka!

Kesho yake mwenzangu alihamishiwa jukwaa jingine. Wakaguzi walikuja, wakaona kijani, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nilibaki kufanya kazi palepale, nikipita kwenye mstari ule mara kumi kwa siku. Nilijua zege lake lilimwagwa siku ya mvua kubwa. Nilikuwa nasukuma kizuizi kimoja kwa bega, nikiona kimetulia najipa moyo, kisha naogopa kujaribu cha pili. Mchezo wa majaribio ulikuwa umepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, watu elfu ishirini.

Zilipobaki siku mbili nilikwenda kwa mhandisi, nikamwambia nina wasiwasi na mstari wa chini, upimwe tena mbele yake. Cha kwanza kilisimama. Cha pili kikasimama. Cha tatu kikaanza kuinama polepole, na cha nne kikang'oka na kipande chake cha zege kama jino la mtoto. Jumla vilifeli saba. Mchezo ukaahirishwa. Mhandisi aliuliza nani alitia sahihi; hakuuliza nani alipaka rangi, nami sikusema. Upesi akasimamishwa kazi siku ileile. Mimi nikapigwa picha ya gazeti.

Leo asubuhi Upesi alikuja kuchukua spana zake. Nilitaka kujificha nyuma ya kontena, akaniona. Nikajua leo nitatukanwa mpaka basi. Wapi! Alinishika mkono, akasema nimefanya vizuri, kwamba yeye alisaini bila kuuliza, na roho za watu si mchezo, hivyo nisione haya kumtazama. Mtu mwenye watoto wanne, amebeba mfuko wa spana anarudi nyumbani, halafu ananifariji mimi.

Nilianza kukuandikia hapohapo. Kisha nikaiacha kalamu, nikaenda kwa mhandisi na kumwambia yote: kopo lilikuwa mkononi mwangu, na nilijua tangu siku ya kwanza. Akaniomba kofia ya kazi na kitambulisho. Kuhusu Upesi amesema atafikiria. Mwenzangu naye ataitwa, na sidhani kama atanisamehe.

Sasa limebaki moja, ambalo mhandisi hakuliuliza na wewe ndiye unayestahili kulijua. Watu wanasema dhamiri ilinisukuma. Dada, nilikaa kimya siku tisa. Nilikula, nilitazama mpira kwenye televisheni, nilikwishaamua kunyamaza mpaka mwisho. Kisha Alhamisi, siku mbili kabla ya mchezo, ikafika barua yako ya kwanza, unanieleza kwa furaha kwamba darasa lako limepata tiketi arobaini na mbili za mchezo huo: jukwaa la mashariki, mstari wa chini kabisa, nyuma ya goli. Sikuimaliza. Nilikimbia kwa mhandisi na bahasha mkononi.

Hatari ya wale elfu ishirini nilikuwa nimeikubali, dada. Nimejiuliza kama ningefungua mdomo kwa ajili ya mwalimu mwingine na watoto wake. Jibu ninalo, na naona aibu kuliandika.

Msalimie shemeji, wasalimie na majirani wanaoniulizia. Mama usimwambie, nakuja Jumapili, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake. Ukipenda kunijibu, nijibu. Usipopenda, nitaelewa.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho.