Sauti ya Marehemu Imebaki ku Ordinatere Yangu

Mama Victorine, salamu kwako wewe unayetusomea barua kila siku ya posho, Jumamosi, ku redio. Juma hili nimeshika bic ya kuandikia mara tatu na mara tatu nimeiweka chini, maana hili neno siwezi kulisema mbele ya mutu anayenitazama usoni, hata muke wangu hajui, ndiyo sababu ninakuomba msaada wewe usiyenijua sura, na majina ya watu wote humu ndani nimeyabadilisha.

Niko na studio ndogo hapa Kasongo, karibu na soko, ordinatere moja, ndiyo kompyuta, batri mbili za panneau ya jua, na ubao wa mulangoni nilioandika kwa mukono wangu "Kazi safi". Kazi yangu kubwa ni kugeuza format za video, sababu video inayotoka ku telefone ya sasa mara nyingi televizyo ya zamani haiwezi kuisoma. Programu ninayotumia iko na pande mbili: upande wa kuingia unaweka video uliyoletewa, upande wa kutoka unachagua itoke namna gani, na pale pa kutoka picha iko na mustari wake na sauti iko na mustari wake, kila moja unaichagulia peke yake, maana video ni kama sanduku moja ambamo picha na sauti zimelala zimeachana. Ninaeleza haya kwa kuwa kosa langu lilianzia hapo.

Mwezi wa tatu alikuja mama mumoja wa kijiji cha Wamaza, nitamwita Marie-Louise. Baba yake alikuwa amekufa majuma mawili kabla, na siku chache kabla ya kufa mzee alimwambia, kamata telefone, niko na neno la kuwaachia, naye akamkamata video ya dakika kumi na moja. Sasa jamaa yote ilikuwa inakutana Wamaza kumaliza matanga, kaka zake wawili wameomba waione video ku televizyo ya nyumbani, na televizyo ilikataa kuisoma. Nikamwambia mama, hiyo ni kazi ya robo saa, kaa. Nikakopia video ku ordinatere, nikaigeuza, nikairudisha ku karte ya telefone yake, na sababu karte ilikuwa imejaa nikafuta ile ya kwanza ili mpya ipate nafasi. Watu walikuwa wengi mulangoni, batri inashuka, sikuifungua kusikiliza, nikaona tu sura ya mzee imetokea, nikasema tayari, akanishukuru sana, akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda.

Nilichosahau, mama, ni kwamba jana yake nilifanya kazi ya mutu wa korali aliyetaka picha za ndoa bila sauti ili aweke wimbo juu, na pale pa kutoka, ku mustari wa sauti, nilikuwa nimechagua "bila sauti", na hii programu inabakiza chaguo la mwisho mupaka mutu alibadilishe kwa mukono.

Akarudi siku ya sita. Aliingia polepole, duka limejaa, akaniuliza bila kelele: "Papa, baba anafungua kinywa lakini hasemi. Sauti iko wapi?"

Nikafungua programu mbele yake, na ile "bila sauti" nikaiona palepale. Iko pale, inanitazama. Watu saba wananitazama pia, kati yao mwalimu wa shule na mama wa kanisani kwetu. Nikafunga ule ukurasa, nikamwambia: "Mama, ni telefone yako ndiyo ilikamata picha bila sauti. Micro yake imekufa."

"Lakini mimi niliisikia nyumbani," akasema. "Niliisikia mara mbili."

"Utakuwa ulisikia ingine."

Akafunga karte ku pembe ya kitenge chake, akatoka. Na hapa ndipo aibu yangu yenyewe, Mama Victorine, sababu kosa la kwanza lilikuwa haraka, lakini hili si haraka. Alipotoka tu niliangalia ule upande wa kuingia, na video yake ya kwanza ilikuwa pale, nzima, maana sikuwa nimeifuta ku ordinatere. Nikaweka écouteur masikioni, nikasikia sauti ya mzee. Na kupitia mulango nilimuona Marie-Louise bado amesimama ku parking ya moto, anangojea mutu wa kwenda njia yake. Ni hatua mia moja. Nilimuangalia mupaka akapanda. Sikwenda, sababu ningeenda ningerudi duka lote linajua kwamba nimesema uongo.

Sasa ni mwezi wa sita. Dereva wa moto anayefanya njia ya Kabambare, Hemedi, ndiye aliyeniletea yaliyofuata, bila kujua ananichoma. Kaka zake, Zéphirin na Dominique, walisema Marie-Louise amelipa mutu mjini ili sauti ikatwe, sababu mzee alikuwa amesema shamba la mtoni linabaki kwa nani na yeye hakupendezwa. Walimuondoa ku kikao cha jamaa mbele ya watu wote. Amehama Wamaza, anaishi Kabambare kwa shangazi yake, anauza karanga. Miezi saba alimuosha mzee akiwa mgonjwa, na leo jina lake ni yule aliyefuta sauti ya baba yake.

Habari ilifika hata nyumbani kwangu. Muke wangu Chimène alisema tukiwa mezani: "Kuna mwanamuke wa Wamaza amefuta maneno ya baba yake. Mutu anaweza kuwa na roho ya namna ile?" Mimi nikaomba aniongezee mboga ya sombe. Nilikula, mama. Nilimaliza sahani.

Sauti bado iko ku ordinatere. Mzee anasema Kibangubangu na mimi sikisikii, ninatambua tu jina la Marie-Louise, analitaja mara nne, na mara moja anacheka na kukohoa. Nimewaza kuiweka ku karte, nimupe Hemedi aipeleke, aseme kuna fundi wa Bukavu amefaulu kuirudisha. Hivyo mama atapata haki yake na mimi nitabaki na kazi yangu. Ninakuuliza kama hiyo inaweza kuwa njia nzuri, ao iko njia ingine ambayo mimi siioni.

Mimi wa studio, Kasongo.

*

Jibu la Mama Victorine

Ndugu yangu wa studio, barua yako sikuisoma ku redio siku ile ilipofika. Wamaza wanatusikiliza, Kabambare wanatusikiliza, na huyu mama hakustahili kujulishwa na redio kabla ya kusikia kwa kinywa chako. Jibu hili nilikutumia kwanza wewe peke yako, na leo ninalisoma kama lilivyokuwa.

Umeniuliza kama iko njia ingine usiyoiona. Unaiona vizuri sana. Uliiona siku ile kupitia mulango wako, ilikuwa hatua mia moja, na leo imekuwa safari ya siku mbili juu ya moto. Kila juma unalongojea inaongezeka.

Kusahau chaguo ku programu si dhambi. Kila mutu wa kazi amewahi kuharibu kazi, na kama ungesema siku ile "mama, ni mimi, nipe robo saa", wale watu saba wangekuheshimu, au wangecheka na kusahau kabla ya kufika sokoni. Wewe ulichukua aibu yako ndogo ukamtwika mwanamuke aliyefiwa, naye ameibeba miezi mitatu pamoja na karanga zake. Ninajua aibu inauma. Ninaisikia ndani ya barua yako, hasa pale pa sahani. Lakini usijihurumie sana, maana wewe ungali unalala nyumbani kwako.

Na huyo fundi wa Bukavu mwache hukohuko. Ukimutuma Hemedi na uongo wa pili, kaka zake watauliza maswali, na Marie-Louise ndiye atakayeshindwa kujibu. Watasema huyo fundi pia amelipwa.

Sasa sikia la kufanya. Ile video ya kwanza usiiguse, usiigeuze, usiipunguze hata sekunde moja. Ikopie ilivyo ku karte mbili, na kila karte uifungue na kuisikiliza mupaka dakika ya mwisho kwa masikio yako, si kuangalia sura tu. Ile ya televizyo utaitengeneza kando, na upande wa kutoka utausoma mustari kwa mustari kama mutu anayesoma mukataba. Usimpe mutu yeyote atafsiri maneno ya mzee. Hayakusemwa kwako.

Leo, kabla ya chakula, mwambie Chimène. Alimuhukumu mutu asiye na kosa na wewe ukamuacha, naye pia ana haki ya kujua.

Kisha panda wewe mwenyewe. Usianzie Wamaza kwa hao wanaume, anzia Kabambare kwa mwenye sauti. Mwambie akiwa peke yake, mupe asikilize peke yake, na yeye ndiye atakayeamua kama utaenda mbele ya kaka zake. Akisema twende, utaenda. Na ukifika usiseme mashine ilikosea. Utasema: nilikosea, kisha nikadanganya. Maneno hayo mawili, yote mawili.

*

Barua yake ya pili

Mama Victorine, nimerudi. Chimène alilia, kisha akanifungia mikate ya safari.

Marie-Louise nilimkuta ku soko la Kabambare, akanipeleka kwa shangazi yake. Nilipomwambia hakunitukana. Alikamata telefone yangu, ambamo nilikuwa nimeweka karte moja, akaenda nyuma ya nyumba ya shangazi yake, nikasikia sauti ya mzee kwa mbali mara tatu, kutoka mwanzo mupaka mwisho. Aliporudi uso ulikuwa umelowa.

Akaniuliza: "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulirudi."

"Nilikuwa bado ku parking?"

"Ulikuwa bado. Nilikuwa ninakuona."

Shangazi yake akainama kuokota karanga ambazo hazikuanguka. Kisha akasema: "Tutaenda Wamaza. Utasema vile vile ulivyosema hapa, hata hiyo ya parking."

Nilisema. Watu walikuwa kama ishirini, nimesimama. Zéphirin alitaka kunishika shati, mzee mumoja akamuzuia. Tukaweka ku televizyo flash yenye ile video niliyoitengeneza kando, baba yao akaanza kusema, na wale watu wote wakainama chini kama wako kanisani. Mimi sikuelewa kitu. Niliona tu Dominique anatoka kabla haijaisha, akarudi na kiti, akakiweka karibu na dada yake, lakini yeye mwenyewe akabaki amesimama, hakuweza kumuangalia.

Ni Marie-Louise aliyenieleza tukiwa tunaondoka. Shamba la mtoni mzee hakulitaja hata kidogo. Alitaja majina ya wajukuu mumoja mumoja, akacheka aliposahau mumoja, akasema binti yake amemuosha miezi saba bila kukunja uso, na wasimuache awe peke yake.

Nikamuomba msamaha. Akasema: "Sijakusamehe. Usiniulize tena leo."

*

Neno la mwisho la Mama Victorine

Basi usimuulize. Usimutumie salamu kwa Hemedi, usimupelekee zawadi, usimpigie ili wewe usikie nafuu. Akitaka kukwambia kitu, anajua studio yako iko wapi.

Wewe fungua duka asubuhi. Mutu akija na video, usifute ya kwanza mupaka mwenyewe ameketi kiti chako, ameweka écouteur masikioni, na amekwambia kwa kinywa chake kwamba anamsikia mutu wake.