Mkalimani Anayesinzia Barazani

Jumatatu, 7 Februari 1955

Nimelala tena barazani. Nikiwa nimesimama. Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, kwenye kiti chake chini ya turubai, mimi karani na mkalimani wake kando yake, na mzee mmoja wa Kanja akieleza habari ya mpaka wa shamba. Aliongea muda mrefu. Kiembu chake kilikuwa cha taratibu, kama uji unaomiminwa. Nikasikia kimya. Nikafumbua macho. Bwana Shauri akauliza, "Amesema nini?" Nikajibu, "Amekubali, Bwana." Watu wakaangua kicheko. Kumbe mzee alikuwa amekataa. Mara nne.

Aibu. Ni mara ya tatu tangu mwaka uanze.

Sielewi. Kafyu ya Hali ya Hatari inaanza saa kumi na mbili jioni. Nikishakula sina la kufanya, najilaza. Naamka filimbi inapopigwa alfajiri. Hakuna mtu katika kijiji hiki anayelala kunishinda. Na bado naamka kama niliyechimba peke yangu lile handaki lote linalotuzunguka.

Jumatano, 9 Februari

Zahanati. Dresa Ireri, mganga wetu msaidizi, alinifunua kope, akatazama ulimi, akabonyeza kucha. Anasema damu haitoshi. Nakula nini? Ugali na chai. Vikombe vingapi kwa siku? Nikasema vitatu. Akanitazama. Nikasema saba.

Amri zake: chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia nguvu ya mboga kuingia mwilini. Nile terere, mchicha wa huku, kila siku, maharagwe, na maini nikiyapata. Nikamulie ndimu juu. Amenipa na dawa ya minyoo. Mwezi ukiisha bila nafuu nirudi, kwa sababu uchovu una mambo mengi nyuma yake.

Namchukia. Serikali imetuondolea njia, imetuondolea jioni. Sasa Ireri anataka chai.

Ijumaa, 11 Februari

Habari zimeenea. Kila mtu anaujua ugonjwa wangu isipokuwa mimi. Mpishi wa Bwana Shauri anasema ni harufu ya wino, inapanda kichwani. Mwinjilisti anasema ni dhambi ambayo sijaiungama, akaniomba niitaje. Nilijitahidi. Sikupata yoyote yenye uzito wa kiasi hicho. Akaondoka amesikitika.

Fundi viatu anasema ni kukaa bila mke. Hapo amesema kweli kidogo. Kagendo yuko kwetu Mikinduri na watoto, pasi ya kusafiri siipati, mwezi wa saba sasa. Nalala peke yangu kwenye nyumba hii ya nyasi, iliyobanana na nyingine kama meno.

Cucu Igoki, bibi mjane wa nyumba ya pili, hakusema kitu. Alileta chungu cha thabai, yale majani yanayowasha, ameyachemsha na kuyaponda pamoja na viazi. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Yakiiva hayawashi. Matamu hata. Jasho lilinitoka nyuma ya masikio.

Jumatatu, 14 Februari

Siku ya tano bila chai ya mchana. Kichwa kinagonga. Nimemfokea mpishi. Nimemfokea mbuzi.

Jumatano, 16 Februari

Nyaga, mkubwa wa Homugadi, wale walinzi wa kijiji wa serikali, alinisimamisha langoni. Ana daftari. Hajui kuandika, lakini ana daftari, na humo anachora alama.

"Karani, mtu anayesinzia mchana anakesha usiku. Wewe unakesha wapi?"

Nikasema nalala nyumbani kwangu. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Akachora kitu.

Naogopa. Kuna watu wanaowapelekea Mau Mau chakula msituni usiku, na Nyaga anawatafuta. Mimi ni Mmeru, mgeni hapa, sina ukoo wa kunitetea. Mpaka jana nilikuwa mgonjwa. Leo ugonjwa wenyewe umegeuka ushahidi.

Sharti nisionekane nimechoka tena. Hata kidogo.

Alhamisi, 17 Februari

Binamu yangu Kirimi amepita na lori la magunia. Yeye ana pasi. Ameleta asali kutoka kwa Kagendo. Na kwa ushauri wake mwenyewe Kirimi akaongeza kitita cha miraa ya Mikinduri, kibichi kabisa, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Nilimweleza shida yangu. Akasema tafuna, hutasinzia mpaka mwezi wa sita.

Nikatafuna tangu saa tatu. Barazani nilikuwa macho kuliko wote. Niliwatafsiri wazee kabla hawajamaliza. Kisha nikamtafsiri Bwana Shauri kabla hajafungua kinywa, na nikaongeza maneno yangu mwenyewe juu ya kuchimba matuta. Wazee waliitikia vizuri. Bwana Shauri akasema, "Leo umeamka." Nimefurahi sana. Naandika haraka. Mkono hautaki kusimama.

Ijumaa, 18 Februari

Sikufumba jicho. Nilipanga vitabu vyangu sita. Nikavipangua. Nikavipanga kwa urefu. Mlinzi wa mnara ameripoti kwamba taa yangu iliwaka mpaka alfajiri. Nyaga amechora alama ya pili.

Leo nimelala barazani nikiwa nimeketi, mdomo wazi. Miraa haiondoi uchovu. Inauambia ungoje nje, nao unaingia baadaye na ndugu zake. Miraa iliyobaki nimempa mpishi.

Jumatatu, 21 Februari

Mpishi anasema dawa ni maji baridi. Bwana Shauri huyaoga kila asubuhi na hasinzii. Basi lango lilipofunguliwa tu nikakimbia mtoni. Maji yale yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani. Nilijitosa. Nilipiga ukelele. Sabuni ikaenda na maji.

Nikarudi mbio, nimelowa, tope mpaka magotini, meno yakigongana. Langoni nikamkuta Nyaga na watu wanne wenye mikuki. Akatazama miguu yangu. Akauliza nimetoka ng'ambo ya mto kwa nani. Sikuweza kujibu, taya zilikuwa zimeganda. Akasema hata kujibu siwezi.

Alama ya tatu. Nitachujwa Ijumaa, yaani nihojiwe mbele ya watu kama mimi ni wa msituni. Ukionekana na kosa ni lori, kisha kambi huko nyikani, na hakuna anayekwambia kwa muda gani.

Jumanne, 22 Februari

Nimemwandikia Kagendo barua. Nimeichana. Nimekula terere. Sikusikia ladha.

Ijumaa, 25 Februari

Yaandikwe yote kama yalivyokuwa.

Meza ya Bwana Shauri chini ya turubai. Kijiji chote kimekaa chini. Likaitwa jina langu. Nikasimama mahali pa mshtakiwa. Bwana Shauri akatazama kulia, akatazama kushoto. Mkalimani hayuko. Mkalimani ni mimi. Hakuna mwingine karibu zaidi ya Embu mjini.

"Basi," akasema, "tafsiri."

Nyaga akaanza kwa Kiembu. Nikageuka kwa Bwana Shauri: "Anasema mtu huyu ni mjanja."

"Mtu yupi?"

"Mimi, Bwana."

Nyaga akashuku. Akaniuliza kama nimetaja na fisi. Kweli alikuwa amesema mjanja kama fisi. Nikarudi kwa Bwana Shauri nikaongeza fisi. Alama ya kwanza, kusinzia. Ya pili, taa. Ya tatu, tope. Nilitafsiri yote bila kuacha. Miaka minne ya kazi sijapata kutafsiri vizuri namna ile. Hofu ilikuwa imeniamsha kushinda miraa.

Bwana Shauri akauliza kama kuna shahidi kwamba usiku huwa niko nyumbani. Kwa mazoea nikawageukia watu nikaliuliza swali hilo kwa Kiembu, kwa sauti. Nikangoja.

Cucu Igoki akainuka, mkono kiunoni.

"Huyu? Huyu aende msituni? Huyu anakoroma tangu kafyu mpaka filimbi! Tangu ahamie hapa mimi nimesahau usingizi. Kuku wangu hawatagi. Nilinyamaza nisimwaibishe mgeni, lakini leo mmenilazimisha."

Kicheko kikapita kwenye mistari yote.

"Anasema nini?" akauliza Bwana Shauri.

"Anasema, Bwana... ninakoroma."

Hakulijua neno hilo. Kiswahili chake ni cha kitabuni, na hicho kitabu hakikufika chumba cha kulala. Nikajaribu kueleza. Hakuelewa. Hapakuwa na njia nyingine. Mbele ya wazee, mbele ya Homugadi na mikuki yao, nikakoroma.

"Sivyo!" akasema Cucu Igoki. "Hicho ni kidogo." Akaonyesha mwenyewe. Mtoto mmoja akalia.

Ndipo akasimama Njue, mlinzi wa mnara, mtu wa Nyaga mwenyewe. Akasema ni kweli, anasikia kule juu kila usiku. Usiku wa taa aliona kivuli changu kikipanga vitabu mpaka kulipokucha, akashangaa vitabu ni vingi kiasi gani. Kinachomwogopesha si mkoromo bali unapokatika. "Anakatika kabisa, kama amekufa. Mimi nangoja. Halafu anavuta pumzi kama ng'ombe anayetolewa kwenye tope. Kisha tena. Usiku mzima."

Bwana Shauri alicheka mpaka akavua kofia. Nyaga akafunga daftari. Nimeachiliwa.

Nilicheka pia. Nilicheka sana. Kisha akaitwa aliyenifuata.

Kathuri, seremala. Kijana mpole, alioa mwaka jana. Alionekana nje ya handaki jioni, kafyu imeshaingia. Akasema alikuwa anatafuta mbuzi. Mbuzi yuko wapi? Hajapatikana. Shahidi? Nikaliuliza swali kwa Kiembu, kwa sauti ileile. Nikangoja. Mkewe Marigu akainuka, akaambiwa mke si shahidi. Hakuinuka mwingine.

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikusinzia. Shauri lake lilikwisha upesi kuliko mkoromo wangu.

Lori liliondoka saa nane, yeye na wengine watatu. Marigu alilifuata mpaka langoni. Mimi niliokolewa na makelele. Kathuri analala kimya, hilo tu.

Sikula.

Jumapili, 27 Februari

Ireri alikuja baada ya ibada. Alikuwepo Ijumaa, alimsikia Njue. Anasema pale pumzi inapokatika ndipo penye ugonjwa. Mtu anayekabwa koo usiku kucha hapumziki, hata alale mpaka mchana. Damu iko na lawama yake, terere iendelee, na chai bado ni marufuku wakati wa kula. Lakini kubwa ni koo. Baba yake mdogo alikuwa hivyohivyo.

Nisilale chali. Nisile shibe kisha nijilaze. Muratina, ile pombe ya asali, hata tone, jioni hapana. Kichwa kiinuliwe.

Cucu Igoki hakungoja amalize. Alichukua fulana yangu, akashona mgongoni kigunzi cha mahindi. Akafikiri kidogo. Akaongeza cha pili. Nikigeuka chali vinanichoma, naamka, narudi ubavuni. Nikiivaa nafanana na nungunungu aliyenyolewa.

Jumatano, 2 Machi

Usiku wa tatu. Mgongo una alama kama za fimbo. Nimechoka zaidi. Nilimwambia Cucu Igoki dawa yake ni mateso. Akasema nimekoroma nusu tu, na kwamba kuku mmoja ametaga. Amekataa kuvitoa vigunzi.

Jumatano, 9 Machi

Jambo la ajabu. Nimeamka kabla ya filimbi na kichwa chepesi. Sikuwa na ladha ya majivu mdomoni. Nilikaa kitandani nikingoja uchovu uingie. Haukuingia.

Baraza zima bila kusinzia. Nimegundua kwamba baraza linachosha vibaya sana. Miaka minne sikujua.

Jioni, kabla ya kafyu, Nyaga alinivuta kando. Nilidhani ni daftari. Akauliza kwa sauti ya chini kama vigunzi hivyo vinafaa hata kwa mwanamke, na kama ni lazima viwe viwili. Nikamwambia aanze na kimoja. Akashukuru. Simpendi. Lakini nikamwelekeza na namna ya kushona.

Jumatatu, 14 Machi

Ireri amenifunua kope tena. Rangi inarudi, anasema. Ameniruhusu kikombe kimoja alasiri, saa mbili baada ya chakula. Nilikinywa polepole sana.

Nguvu ninazo sasa, na sijui nizipeleke wapi. Ubavuni, macho wazi alfajiri, namfikiria Kathuri. Swali lile lilitoka kinywani mwangu mara mbili siku moja. La kwanza lilijibiwa.

Jumamosi, 19 Machi

Mvua imeanza. Niliisikia tangu tone la kwanza juu ya nyasi.

Lango lilipofunguliwa nilichukua jembe nikaenda shambani kwa Marigu. Watu wote wamekwisha kupanda maharagwe, yeye bado, siku zake zote zinaishia kwenye kazi ya handaki. Nilimwomba ruhusa. Alinitazama muda mrefu. Anajua nilichotafsiri na sauti niliyotafsiria. Akanionyesha kwa kidole pa kuanzia.

Tulilima mpaka saa sita, yeye upande wa juu, mimi wa chini. Sikukaa chini hata mara moja. Akaniletea uji wa wimbi kwenye kibuyu, akaniwekea kwenye tuta, akarudi kwenye mstari wake.

Imebaki nusu ya shamba. Nimemwambia nitakuja Jumamosi nyingine. Akasema, "Haya."