Leo Nimempima Mwalimu Banzi

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, milima ya Uluguru haionekani kabisa. Moyo wangu, hata hivyo, umekunjuka.

Nimempima Mwalimu Banzi.

Ni mwalimu wangu wa darasa la tatu, ndiye aliyenishika mkono nikajua kuandika. Yuko kwetu gerezani mwaka wa pili sasa, kwa kumjeruhi jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba la kabichi kule Mgeta. Amebakiza wiki tatu atoke. Jana askari walipekua selo yao wakakuta misokoto ya bangi chini ya mkeka, haikujulikana ya nani. Mkuu wa gereza akaagiza wote wapimwe mkojo. Atakayekutwa nayo anapoteza punguzo la kifungo.

Muuguzi wa zahanati ni mimi. Nani mwingine apime?

Alipoingia alichuchumaa mbele yangu, kama kanuni inavyotaka. Nikashindwa kuvumilia. "Shikamoo, mwalimu," nikasema, askari akisikia.

"Marahaba, Asteria. Lete hicho kikopo, usione haya."

Askari akampeleka msalani, wakarudi. Nikachovya kipimo. Mistari miwili maana yake safi, mmoja, ametumia. Baada ya dakika tano wa kwanza ulikuwa umekolea, wa pili hafifu mno.

"Mmoja huo," askari akasema.

"Ni miwili, afande. Hata hafifu unahesabika."

"Au unamlinda mwalimu wako?"

Nakiri: sikujua kama nauona mstari ule au natamani kuuona.

Mwalimu ndiye aliyeniokoa. "Pima tena, mwanangu. Andika unachokiona, si unachokipenda."

Nikafungua kipimo kipya, ingawa vimebaki vichache. Safari hii mistari yote miwili ilitoka wazi, na askari mwenyewe ndiye aliyetamka, "Safi." Nikajaza fomu. Mwalimu akachungulia, akatikisa kichwa. "Mwandiko wako bado unalalia kulia."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka na machozi.

Mwenzake mmoja wa selo hakunusurika. Alikuwa fundi mitambo hadi kiwanda chao kilipobinafsishwa na yeye akapunguzwa kazini. Nilipomwonyesha mstari mmoja hakubisha, aliinamisha kichwa tu. Nikaandika nilichokiona.

Kesho nitamwita fundi huyo zahanati, bila kikopo. Nimuulize tu habari za nyumbani kwake.