Nafasi mbili mu bwato ya Chisenga

Papa mpendwa,

Sasa hivi Mwape ametia uso wake muzima ndani ya sahani ya mayi, akapuliza, mayi ikarukia karatasi hii. Ndiyo maana jina yako pale juu imelowa kidogo. Halafu akainua macho tu, pua ingali ndani, akaniangalia sawa muntu asiyenijua. Ungemuona ungecheka, maana ni weye ulimufundisha. Ulikuwa unaketi naye nyuma ya nyumba, beseni kati ya miguu yenu, kifua inakuuma, na bado ulipuliza mayi ili acheke. Miye nilikuwa nagombana: "Papa, utashikwa na baridi." Ukanijibu, "Acha, mama. Niko namuonyesha benyewe ba mayi."

Papa, niko ku kanisa, ku parwasi, mbele ya chumba ya foni, ile radio ya kuongea na bantu ba mbali, ku ile benchi inayolegea muguu moja. Leo ni siku ya kuongea na Kilwa. Chisenga, mutoto ya ndugu yako, anangojea jibu yangu leo. Sasa yeye iko na bwato ya motere. Bantu benye kuwa ku konji, siku za kupumzika kazi, anabapeleka asubuhi, pale muto inaingia ku ziwa Moero, kuona biboko karibu. Alituma neno: bwato ni ndogo, bageni ba masista nabo banataka kuenda, basi nimwambie leo kama ninakuja na tutakuwa bantu bangapi. Nikinyamaza, nafasi anapatia bengine. Kamyo ya kuenda kule inatoka kesho kutwa, vyombo nimefunga, lakini hii jibu sijaipata.

Unaweza kusema, jibu gani ngumu hivi? Lakini weye ndiye uliifanya kuwa ngumu.

Unakumbuka ile konji ya kwanza, nilikuwa mutoto, uligeuza karavati yako kuwa kamba? Karavati serikali ilikuwa imeikataza kwa bantu bote, na ile yako ya buluu mama hakutaka kuitupa. Tulipanda kamyo na kuku bawili ba kupelekea nkambo, muzazi yako, ukabafunga miguu na karavati, ukasema, "Sasa iko na kazi tena." Kamyo muzima ilicheka. Njia ilikuwa mubaya, tulilala mu matope, na kuku moja akataga yai ndani ya kofia yako.

Kule Kilwa ulinipeleka ku kando ya mayi, viatu mukononi. Niliona masikio mawili tu, mbali, na pumzi inapanda sawa mvuke ya sufuria. Nikapiga kelele, "Kiboko!" Ukaniziba kinywa polepole na mukono yako yenye harufu ya samaki makobo. "Ku mayi habaitwi na jina yao. Sema benyewe." Nikakuuliza kama tunaweza kuenda karibu. Ukasema, "Konji ingine."

Konji ingine kulikuwa pepo kali ku mayi. Ile ya kisha tulikuta kilio. Halafu nikaolewa, nikaja na tumbo, ukakataa kabisa: tumbo na mayi hapana. Siku ile ndiyo uliahidi. Tulikuwa tunakula bukari mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu hapa Makomeno, sirène ya usine ikalia kuita bantu ku kazi, na weye ulikuwa umeisha kupewa pension lakini bado ulisimama kidogo ikilia. Ukakaa tena, ukaniambia: "Huyu akijua kusema, tutaenda batatu. Miye mbele, mutoto katikati, weye nyuma." Kila muntu mu nyumba alijua hii neno. Hata mwaka ule ulipokuwa haushuki tena kitanda, ulikuwa unauliza, "Amesema?" Nilikuwa nakujibu, "Bado, papa, anasema mama tu." Ukatuacha, yeye bado hajasema.

Sasa anasema. Anasema mpaka masikio inachoka. Anasema "benyewe" bila kukosea, nimemufundisha mbele ya safari, na kila beseni anayoiona anatafuta masikio ndani.

Bwana yangu iko Kolwezi tangu kisha mvua, kazi ilimupeleka kule na konji hakupata. Alinitumia neno: "Ukipenda enda, lakini kiboko si kitu ya kumuonyesha mutoto." Hana roho mubaya, anaogopa tu, na miye pia naogopa. Nyumba imekuwa kubwa, papa. Nikipika, nakosea kipimo, bukari inabaki. Mwape akilala muchana nasikia mpaka mayi ya jirani inaingia mu ndoo. Kiti yako nimeingiza ndani juu ya mvua, na tangu siku ile sikuitoa, maana nikiitoa bantu banakuja kukaa.

Hapa ku benchi bote banajua shauri yangu, unajua foni ilivyo, hakuna siri. Mama Kisimba, yule anauzisha bitumbula mulangoni mwa parwasi, aliniambia mbele ya bantu bote:

"Mama Mwape, unapanda kamyo siku mbili kuenda kuangalia kinywa wazi? Kuja kwangu kisha chakula. Bwana yangu analala vile vile, na hauna kulowa."

"Lakini yule wa kwako haogelei," nikamwambia.

"Angeogelea ningekuwa nimemupeleka Kilwa."

Balicheka mpaka Kapya, mwenye kushika foni, akatoa kichwa: "Basitwayeni, kimya, nasikia Pweto vibaya." Halafu Mama Kisimba akampa Mwape kitumbula, akamupangusa mafuta ku kidevu, akanisogelea. Akaniuliza polepole, "Unaogopa kiboko, ao unaogopa nini?"

Nikatoa karatasi hii. Nakujibu weye. Kiboko naogopa, ndiyo, lakini Chisenga iko na akili, anazima motere mbali na hapitishi bwato kati ya mama na mutoto yake. Ile naogopa zaidi ni kuingia mu bwato na kuona pale mbele kumekaa muntu mwingine. Kama sikuenda, safari yetu iko ingali inangojea, na weye uko sawa muntu aliyechelewa tu. Nikisema leo mu foni, bantu bote banasikia, "Tuko babili," basi nimekwisha kusema.

Asubuhi nilitaka kumwambia Chisenga hapana. Nilitoka nyumbani na ile hapana kinywani. Nitamuonyesha mutoto biboko mwaka mwingine, nilijiambia, konji ingine. Nikajisikia nasema maneno yako kabisa, na sauti yako. Na bado niliendelea kutembea na hapana yangu mpaka hapa.

Halafu huyu akatia uso mu sahani. Papa, anafanya mpaka ile kitu yako ya kufunga jicho moja. Hakumbuki uso yako, nimemuuliza, anaonyesha muntu yoyote mwenye mvi. Lakini ile pumzi anaikumbuka. Niliona kwamba kama namungojesha, ataisahau pia, na itabaki kwangu peke yangu, miye na kiti ndani ya chumba.

Basi nitasema babili. Mwape atakaa katikati, vile ulisema, na miye nyuma nimushike nguo. Pale mbele nitamwomba Chisenga asikalishe muntu, aweke nyavu yake tu. Akikataa juu ya bageni ba masista, sitagombana. Nitaangalia mugongo ya mugeni na nitajua si weye.

Natia jina sasa, maana bakiniita sitapata nafasi.

Ni miye mutoto yako,
Mama Mwape

Bado kuko kanafasi hapa chini. Unakumbuka siku yako ya kwanza ku hii foni? Ulisalimia Kilwa muzima, muntu kwa muntu, mpaka ukauliza habari ya mbuzi, halafu ukanyamaza. Nabo kule bakanyamaza. Ukakasirika: "Banakataa kunijibu, ndugu zangu." Kapya akacheka mpaka machozi, akakwambia, mwisho ya maneno yako useme "à vous", maana yake sasa ni zamu yenu, kama haukusema, hawa ba kule banafikiri ungali unaendelea, banakungojea. Tangu siku ile uliisema hata nyumbani. Unamaliza kuomba chumvi, à vous. Unamaliza sala ya jioni, à vous.

Miye tangu tulikuzika naongea na weye kila siku, ku soko, ku bomba, na sikuisema hata mara moja. Nadhani ni juu ya kuogopa ile kimya inayokuja kisha. Lakini leo nimemaliza maneno yangu yote, nimekwambia nafasi ni mbili, na sasa nataka

Kapya amefungua mulango, anasema Kilwa inasikika muzuri sana, Mama Mwape, kuja mbiyo, Chisenga anauliza bantu bangapi, na Mwape amekwisha kutangulia na sahani yake, anamwaga mayi njia yote, naenda, papa, à